Maswali na Majibu: Kikombe cha Kauri, Chupa Tupu na Maji Yaliyoshikwa na Udongo

Mwezi huu safu nzima ni ya jambo moja. Barua zimekuwa nyingi kuhusu vifyonza maji ya udongo, yale mabomba membamba yenye kikombe cha kauri nchani ambayo tunayafukia shambani, tunayavuta hewa kwa pampu, kisha tunasubiri maji yaliyomo kati ya chembe za udongo yaingie ndani tukayapime. Wanaoandika ni wanafunzi, mafundi wa maabara na wakulima, na karibu wote wanalalamikia kifaa. Niseme mapema ninachokiamini: mara nyingi kifaa ni kizima. Tatizo liko pale ukuta wa kikombe unapokutana na udongo, mahali ambapo hakuna anayepaona tena tukishafukia. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yatarudi shimoni.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu mbolea inayopotea chini ya mizizi. Nimefukia vifyonza kwenye kina cha sentimita 30, 60 na 90. Kila Jumatatu navuta hewa hadi geji isome kilopaskali 60 (kilopaskali ni kipimo cha nguvu ya mvuto au msukumo). Kesho yake chupa za sentimita 30 hazina hata tone, ilhali mahindi yamesimama vizuri, hayajanyauka. Msimamizi wangu anasema nibadilishe vikombe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usibadilishe kitu kwanza. Tuone kinachotokea mle ndani.

Kikombe ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa, na ukuta wake umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Umewahi kuona mtungi wa maji unavyotoa jasho kwa nje? Maji yanapenya ukutani polepole, lakini mtungi hauvuji. Kikombe chetu ni vivyo hivyo, ila safari ni ya kinyume: maji yanatoka nje kuingia ndani. Kikishalowa, kila kitundu kinajaa maji, na maji hayo yanaizuia hewa isipite. Kitundu chenye upana wa maikromita 3 hivi, yaani sehemu tatu za elfu za milimita, kinaizuia hewa mpaka mvuto ukaribie kilopaskali 100. Kikiwa kipana mara mbili, kinaachia kwenye nusu ya mvuto huo. Kwa hiyo kikombe kizuri ni chenye vitundu vidogo na vinavyolingana.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1904 Briggs na McCall walieleza huko Marekani kifaa cha namna hii, wakakiita mzizi bandia. Lakini mzizi wa kweli una nguvu kuliko wa bandia, na jibu lako liko hapo. Mvua kubwa ikinyesha na maji ya ziada yakashuka kwa siku moja au mbili, udongo hubaki umeshika maji kwa mvuto wa kilopaskali 10 hadi 33 hivi, kutegemea aina yake. Pampu yako ya 60 inashinda hapo bila shida. Siku zinavyokwenda mahindi yanakunywa, maji yanayobaki yanajibana kwenye nafasi finyu zaidi, na mvuto wa udongo unapanda: 40, 60, 80. Ukishaupita ule wa pampu, hakuna tone litakaloingia. Mahindi hayana habari, maana mmea unaweza kuendelea kunyonya hadi karibu kilopaskali 1,500 kabla ya kunyauka moja kwa moja. Kati ya 60 yako na 1,500 yake kuna uwanja mkubwa ambamo mmea unakunywa na wewe huambulii kitu. Na sentimita 30 ndiko mizizi ilikojaa, hivyo lazima kukauke kabla ya 90.

Sasa jifunze kusoma geji kabla ya kuilaumu chupa. Ukirudi asubuhi, usifungue kitu. Soma kwanza. Ukikuta bado iko karibu na 60 na chupa ni tupu, kifaa hakivuji. Ama udongo umekauka, ama kikombe hakigusani nao, ama vitundu vimeziba. Ukikuta geji imeanguka hadi sifuri na chupa ni tupu, hewa imepita mahali: kwenye kiungo cha mpira, kwenye kizibo, kwenye ufa wa kikombe, au kikombe chenyewe kimekauka hadi vitundu vikaachia. Ukikuta geji imeshuka kiasi na chupa ina maji, usihangaike kutafuta panapovuja. Maji yanapoingia yanaibana hewa iliyosalia, na ombwe, yaani ule upungufu wa hewa uliouacha kwa pampu, linapungua lenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua chupa ya lita 1, usawa wa bahari, ivute hadi 60. Ndani imebaki hewa yenye kanieneo ya kilopaskali 40 hivi. Kama udongo umeshika maji kwa 20, maji yataingia mpaka ombwe la chupa lishuke hadi 20, yaani hewa ya ndani ifike 80. Hewa hiyo imebanwa mara mbili, sasa inakaa kwenye nusu lita. Nusu nyingine ni maji, na hapo yanasimama hata ukisubiri wiki nzima.

Kutofautisha udongo mkavu na mguso uliokatika, chukua keekee ya udongo, sogea hatua moja kando ya kifaa, toa udongo wa kina kilekile ukaupime unyevu. Ukiwa mkavu, kifaa kinasema kweli. Ukiwa umelowa kiasi cha kufinyangika na chupa bado ni tupu, kuna uwazi kati ya kikombe na udongo. Kwenye mchanga ongeza tahadhari: mchanga ukianza tu kukauka, njia za maji ndani yake hukatika haraka, na unaweza kukosa maji hata kwenye mvuto mdogo.

Jambo la mwisho, achana na Jumatatu. Vuta siku inayofuata baada ya mvua nzuri au umwagiliaji. Mbolea unayoitafuta inashuka maji yanaposhuka, na udongo ukiwa umekauka hivyo hakuna kikubwa kinachoshuka. Siku hizo andika "tupu, udongo mkavu" daftarini. Hayo nayo ni matokeo, na mwambie msimamizi wako hivyo kwa heshima.

SWALI: Mimi ni fundi wa maabara. Nimeagizwa kufukia vifyonza 12 kwenye shamba la majaribio. Maelekezo niliyopewa ni mafupi: toboa, ingiza, fukia. Kuna la ziada ninalopaswa kujua?

JIBU: Lipo, ndugu yangu, tena ndilo lenyewe. Kazi ya siku utakayofukia itaamua thamani ya kila namba itakayotoka hapo kwa miaka yote kifaa kitakapokaa ardhini. Nitakwenda polepole.

Kabla ya kutoka maabara, pima kila kifaa. Kizamishe kikombe kwenye ndoo ya maji, subiri kilowe sawasawa, kisha sukuma hewa kidogo ndani kwa pampu na uangalie. Povu likitoka mahali pamoja, hasa pale kauri ilipogandishwa na bomba, kiweke kando. Hakifai, hata kama ni kipya. Vilivyopita vilaze usiku kucha kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa yasiyo na chumvi, uvibebe vikiwa vimelowa, umevifunga kwa plastiki. Na usikishike kikombe kwa vidole vitupu. Jasho na mafuta ya mkono vinaingia kwenye vitundu.

Shambani tandika turubai. Toboa kwa keekee yenye upana unaolingana na bomba au uliozidi kidogo tu. Udongo unaotoka panga kwenye turubai kwa mafungu kadiri unavyoshuka: wa juu, wa kati, wa chini. Lile fungu la mwisho, la kina kitakachokaa kikombe, ndilo la thamani. Lipitishe kwenye chekecheke la milimita 2, toa mawe na mizizi, kisha ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka upate tope laini linalomiminika bila kuacha mabonge. Kama mnatafuta vitu vya kiasi kidogo sana, au kama udongo wenyewe ni wa kokoto, tumieni unga wa silika badala ya udongo. Ni safi, chembe zake ni ndogo, na unashika maji vizuri kuzunguka kikombe.

Limimine tope kupitia bomba refu lifike chini kabisa, lisipakae kuta za shimo. Kisha shusha kifyonza. Hapa ndipo nawaomba watu wapunguze haraka. Kisukume kwa mikono miwili huku ukikizungusha kidogo, mpaka uhisi kikombe kimeingia kwenye tope na tope linapanda pembeni. Mkono unahisi: kwanza kunakuwa kwepesi, kisha kunakuwa kuzito na laini, halafu kinatulia. Usigonge kwa nyundo. Kauri haipindi, inapasuka, na ufa wake hutauona. Shikilia kidogo tope litulie, kisha anza kurudisha udongo kwa mpangilio uleule uliotoka, sentimita 10 kwa 10, ukishindilia kila tabaka kwa mti mwembamba. Ukifika juu ya kikombe kwa kiasi cha kiganja, weka tabaka la bentonaiti. Udongo huo unavimba ukilowa na kuziba, na maji ya mvua hayatapata njia ya kuteremka ubavuni mwa bomba. Njia hiyo ikiwepo, mvua ya leo inafika kwenye kikombe kabla haijapita kwenye udongo, na chupa yako itajaa maji yasiyokuwa na habari yoyote ya shamba.

Kwa sababu hiyohiyo napendelea shimo la mshazari, nyuzi 45 hadi 60 kutoka usawa wa ardhi. Udongo ulio juu ya kikombe unabaki haujaguswa, na mimea inaota juu yake kama kwingine. Ukitoboa wima, unapima chini ya shimo ulilolichimba mwenyewe. Kwenye mshazari kumbuka kwamba urefu wa bomba si kina. Kwa nyuzi 45, kina cha sentimita 60 kinahitaji shimo la karibu sentimita 85.

Mipira ipitishe ndani ya bomba lililofukiwa hadi ukingoni mwa shamba, uwe unachukua sampuli bila kukanyaga. Jua linaikausha, panya wanaitafuna, na jembe halijui utafiti. Kila mpira uwe na alama ncha zote mbili.

Baada ya hapo, vumilia. Udongo uliouchokoza unatoa naitrojeni na chumvi ambazo usingeziona ungeuacha. Vuta maji, uyamwage, na urudie kila udongo unapolowa. Wiki kadhaa ni kima cha chini, na ukiweza kufukia msimu mmoja kabla ya jaribio lenyewe, fanya hivyo. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi, kagua mguso upya kila mvua zinaporudi, kwa sababu nyufa hupenda kufuata bomba.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mkulima wa mbogamboga na natumia umwagiliaji wa matone. Nina vifyonza viwili, sentimita 30 na 90. Kwa karatasi za kupimia, cha 90 kinanisomea naitreti, ile naitrojeni iliyoyeyuka majini, miligramu 90 kwa lita. Nimesoma kwamba kikomo ni 50. Nimekwisha? Na ni kilo ngapi za mbolea zinazonipotea?

JIBU: Hujaisha, dada, na nakupongeza kwa kupima. Wengi wanakisia tu.

Ile 50 ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Maji ya kwenye kina cha sentimita 90 hayajafika kisimani. Yanaweza kuchanganyika na mengine njiani, na pengine naitreti kiasi ikageuzwa gesi na bakteria pasipo na hewa. Hata hivyo, yakishapita mizizi hakuna atakayeyarudisha, kwa hiyo 90 ni ishara ya kuifanyia kazi.

Kwanza geuza namba. Karatasi zako zinasoma naitreti nzima, na mbolea tunaihesabu kwa naitrojeni. Gawa kwa 4.43: unapata naitrojeni miligramu 20 hivi kwa lita. Soma vizuri kibandiko cha karatasi, kwa sababu nyingine zinasoma naitrojeni moja kwa moja, na ukichanganya hizo mbili utakosea zaidi ya mara nne.

Pili, kikombe kinakwambia maji yana ukali gani. Hakikwambii yameshuka maji kiasi gani. Ukikuta mtu amezidisha namba ya chupa kwa ujazo wa chupa akaita hasara ya shamba, funga karatasi yake. Kiasi cha maji yaliyoshuka unakipata kwa hesabu ya maji ya shamba: mvua pamoja na umwagiliaji, toa maji yaliyotumiwa na mimea na kukaushwa na jua, toa au ongeza mabadiliko ya unyevu udongoni. Kinachobaki ndicho kilichoshuka. Baada ya hapo ni rahisi: milimita 100 za maji kwenye hekta ni lita 1,000,000, kwa hiyo kila miligramu 1 kwa lita ni kilo 1 kwa hekta. Tuseme msimu wako ulishusha milimita 150. Hapo ni 20 mara 1.5, kilo 30 za naitrojeni kwa hekta. Ukishusha milimita 40 tu kwa kumwagilia kwa kipimo, chupa ileile yenye 90 inamaanisha kilo 8.

Unaona basi kwamba una mahali pawili pa kushika, mbolea na maji. Kwa mkulima wa matone mimi ningeanza na maji. Kipindi kifupi mara nyingi ni bora kuliko kirefu mara moja. Halafu linganisha vikombe vyako. Cha 30 kikiwa na naitreti nyingi wakati mmea unakua, hicho ni chakula bado kiko mezani kwake, usikiogope. Cha 30 kikishuka ghafla baada ya kumwagilia na cha 90 kikapanda siku chache baadaye, umeisukuma mbolea chini kwa maji yako mwenyewe. Angalia pia kikombe kiko wapi kuhusiana na tone. Chini ya tone kabisa udongo unaoshwa kila siku. Pembezoni mwa duara la unyevu ndiko chumvi inakojikusanya. Kiweke katikati ya hizo mbili, na vikombe vyote viwe umbali uleule kutoka kwenye tone, la sivyo utakuwa unalinganisha mahali na mahali.

SWALI: Niache ombwe muda wote au nivute tu ninapotaka maji? Na sampuli ikae muda gani kabla ya kupimwa?

JIBU: Kwa kazi nyingi, vuta unapotaka. Mvuto wa kudumu unageuza kikombe kuwa mfereji unaoyaita maji ya pembeni, na maji yanakaa kwenye chupa siku nyingi yakibadilika. Wanaohitaji picha ya muda wote hutumia pampu inayojirekebisha kufuata mvuto wa udongo wenyewe, ikizidi kidogo tu.

Chupa iwe ya rangi ya kahawia au ifunikwe, kwa sababu mwanga hustawisha mwani, na mwani unakula naitreti yako. Weka kwenye baridi ya nyuzi 4 na upime ndani ya siku moja au mbili. Ikishindikana, gandisha.

SWALI: Ninapima maji ya udongo kwenye shamba la mpunga na kwenye bustani ya juu. Fosfeti inatoka ndogo mno kuliko tulivyotarajia, na pH ya chupa (kipimo cha asidi, kinachopanda asidi ikipungua) iko juu kuliko ya udongo wenyewe. Maji ya mpunga yanafika maabara yakiwa na utando wa rangi ya kutu. Kikombe ni kibovu?

JIBU: Umeuliza mambo matatu, na kila moja lina chanzo chake.

pH inapanda kwa sababu ya kaboni dayoksaidi. Hewa ya udongoni ina gesi hiyo mara nyingi zaidi ya hewa tunayovuta, na sehemu yake imeyeyuka majini ikiyafanya yawe na asidi kidogo. Ukiyaweka maji hayo chini ya ombwe, gesi inatoka, asidi inapungua. Kwenye udongo wenye chokaa, kalisi nayo inaweza kuganda na kuzama chupani. Hutaizuia kabisa. Tumia mvuto mdogo unaotosha, pima pH palepale shambani, na kwenye ripoti usiite pH hiyo pH ya udongo. Amonia nayo inaweza kutoroka kwa njia hiyohiyo pH ikiwa juu.

Fosfeti inanaswa na ukuta wa kauri. Kuta za vitundu vya kauri ni eneo kubwa lenye aluminiamu, na fosfeti inaipenda. Vivyo hivyo baadhi ya metali, viuatilifu na mboji iliyoyeyuka. Hakuna kikombe kinachofaa kila kitu, na anayekuuzia kwa maneno hayo usimwamini. Naitreti na kloraidi zinapita kwenye kauri bila taabu. Kwa viuatilifu watu hupendelea kioo au chuma kisichoshika kutu. Plastiki ya PTFE hainasi sana, lakini vitundu vyake ni vikubwa, ombwe linatoroka udongo ukikauka kidogo, na bila unga wa silika kuizunguka ni taabu. Kwa fosfeti, jaribu vile vijiti vyembamba vya polima vinavyovutwa kwa bomba la sindano.

Vyovyote utakavyochagua, osha kabla ya kufukia. Kwa kauri, vuta asidi ya hidrokloriki ya molari 0.1 ipite ukutani, kisha vuta maji yaliyotoneshwa mpaka yanayotoka yawe na upitishaji wa umeme sawa na yanayoingia. Kauri iliyooshwa kwa asidi inabaki na njaa ya kunasa, kwa hiyo malizia kwa kuvuta maji ya udongo wa shamba lenyewe, kiasi cha kutosha, uyamwage. Halafu fanya jambo ambalo wengi wanaliruka: andaa maji yenye fosfeti unayoijua, yapitishe kwenye kikombe, upime kilichotoka. Fanya hivyo pia kwa maji matupu. Ukiyafanya haya mawili, hutahitaji kuniuliza kama kikombe ni kibovu.

Kutu ya mpunga ni chuma. Udongo uliozama majini hauna oksijeni, na chuma kinayeyuka humo bila rangi. Maji yakigusana na hewa ya chupa, chuma kinageuka, kinaganda rangi ya chungwa, na kinapozama kinabeba fosfeti. Sehemu ya upungufu wako wa fosfeti imekaa chini ya chupa hiyo. Chupa yenye hewa ya kawaida haifai kwa mpunga. Tumia bomba la sindano lisilo na hewa ndani, au chupa iliyojazwa gesi ya naitrojeni kisha ikavutwa, na sehemu ya kupimia chuma na fosfeti itiwe asidi dakika ileile, kabla ya kupanda gari.

SWALI: Nipo nyanda za juu, karibu mita 2,000. Pampu yangu haivuki kilopaskali 75. Nimeuziwa mbovu? Na je, naweza kufukia kifyonza mita 12 chini?

JIBU: Pampu ni nzima kabisa. Ombwe halivuti. Hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Usawa wa bahari inasukuma kwa kilopaskali 101 hivi, na mita 2,000 imebaki karibu 80. Kupata 75 hapo ni kukomba karibu kila kilichopo. Fanya kazi kwenye 50 au 60.

Mita 12 kwa ombwe peke yake haiwezekani popote, maana hata usawa wa bahari hewa haiinui safu ya maji zaidi ya mita 10 na ushei, na kwako ni mita 8. Kwa kina hicho kuna vifyonza vya mipira miwili. Ombwe linaingiza maji kwenye kikombe na kwenye chemba iliyo juu yake, kisha unasukuma hewa kwenye mpira mmoja na maji yanapanda kwenye mwingine. Chukua chenye vali kati ya kikombe na chemba, la sivyo unaposukuma unayarudisha maji udongoni.

SWALI: Kwenye kitalu kimoja vikombe vitatu, kina kimoja, siku moja, vimenipa naitreti 12, 31 na 140. Mwenzangu anasema nitupe 140. Niamini kipi?

JIBU: Vyote vitatu, mpaka upate sababu ya kimaumbile ya kukikataa kimojawapo. Kikombe kinayaita maji ya eneo dogo tu linalokizunguka. Mstari wa mbolea, mahali ng'ombe alipokojoa, mzizi mnene uliokufa ukaacha mfereji, yote hayo yanaweza kukupa 140 ya kweli. Na maji yanayokimbia kwenye nyufa wakati wa mvua kubwa yanaweza kukipita kikombe bila kukigusa, ukapata 12 iliyo nyuma ya matukio. Udongo ndivyo ulivyo, na kuifuta namba kwa sababu haifanani na wenzake ni kuufuta udongo.

Cha kufanya ni kuongeza vikombe, si kupunguza namba. Vitatu ni vichache mno kwa naitreti. Wakati ukisubiri, ripoti zote, tumia namba ya kati badala ya wastani, na uangalie ujazo: kikombe kilichotoa tone moja na kilichotoa nusu lita havijasikiliza udongo uleule. Kama 140 inarudi kila mara mahali palepale, mahali hapo pana jambo. Ikitokea mara moja tu, tazama kwanza daftari la uoshaji na chupa iliyotumika.

Msimu ukiisha, usivichomoe. Chimba shimo kubwa kando, karibu nusu mita, kisha sogeza ukuta wa shimo kidogo kidogo kwa kisu mpaka uvifikie kwa ubavu. Utaona kama tope bado limekumbatia kauri au kuna uwazi, kama mizizi imekizingira kikombe, kama kuna ufa wenye udongo mweusi wa juu ulioteremka hadi hapo. Piga picha kabla hujagusa, iandike kando ya namba ya kikombe hicho, kisha unitumie. Ya kile cha 140 uitangulize.